Siku mbili za ngoma za asili Tukuyu: jukwaa linapoipa ngoma mgongo

#1 Mleta uzi (Iringa)

Wanajukwaa, salaam. Leo ni siku ya tatu tangu turejee Iringa kutoka Tukuyu, viatu vyangu bado vina tope jeusi la Rungwe, na nimeona niandike kabla kumbukumbu hazijaanza kujipamba zenyewe. Tulikuwa wanne: mimi, dada mmoja muuguzi niliyesoma naye sekondari, fundi wa magari wa Mafinga ambaye ndiye mwenye Noah, na mwalimu mwenzangu ambaye mama yake ni mtu wa Kyela, jambo lililomfanya ajiteue kuwa mkalimani wetu hata pale tulipozungumzishwa kwa Kiswahili. Tulikwenda kwenye tamasha la ngoma za asili la Jumamosi na Jumapili, lililokusanya vikundi vya Rungwe, Kyela na Ileje, vingine kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ruvuma, na vichache kutoka Iringa na Njombe.

Safari sitaisimulia. Barabara ya Makambako, Igawa na Chimala kila mtu wa nyanda hizi anaijua pamoja na malori yake, na ukishakunja kushoto pale Uyole kupanda kuelekea Isongole hakuna la kusema isipokuwa kwamba ukungu ulitupokea mapema na fundi wetu akawasha taa saa tisa alasiri. Ilikuwa mwezi wa saba. Iringa mwezi huo ina baridi kavu. Tukuyu ina baridi yenye maji. Naomba msomaji aishike tofauti hiyo, maana nitairudia.

Ninalotaka kulieleza ni hili: ngoma nyingi za kwetu hazina mbele wala nyuma, ila jukwaa huzitengenezea mgongo, kisha sisi watazamaji tunaoneshwa upande mmoja tu na kurudi nyumbani tukiamini kwamba tumeiona ngoma yote.

Chukueni mganda. Ngoma hii huchezwa Tanzania na Malawi kandokando ya Ziwa Nyasa, na Wanyakyusa wana ndugu yake waitayo ipenenga. Asili yake imeandikwa na wanahistoria: chimbuko ni beni, ngoma ya mashindano iliyozaliwa pwani ya Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi na gwaride za kijeshi, ambayo askari na wapagazi wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 waliitawanya bara, hadi ikafika ziwani na kuvaa sura ya huko. Ndiyo maana mpaka leo wanaume wanapanga mistari, wana vyeo vyao, wamevaa kaptura na mashati meupe yaliyopigwa pasi, na kiongozi ana filimbi mdomoni. Tarumbeta, hata hivyo, hawana. Wana vibuyu.

Mzee mmoja wa kikundi cha ziwani aliniruhusu nikishike kibuyu chake wakati wakisubiri zamu. Ni kirefu, kimekatwa upande mmoja pawe pa kutolea sauti, na ubavuni kina kitundu kilichozibwa kwa utando mwembamba kuliko karatasi ya sigara. Hakipulizwi kama filimbi. Mtu huimba ndani yake, utando ule hutetemeka, na sauti ya kawaida ya binadamu hutoka na mkwaruzo wa tarumbeta. Nilijaribu, nikatoa mlio wa nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na kikundi kizima kikacheka bila kunificha. Mzee alinieleza kwamba zamani utando huo ulitokana na kifuko cha mayai ya buibui, kilichobanduliwa ukutani kwa ncha ya kisu. Baadaye vijana wakagundua kwamba nailoni ya mifuko ya dukani ni rahisi zaidi. Mifuko ilipopigwa marufuku, akasema, wakarudi kwa buibui. Marufuku hiyo ilianza tarehe 1 Juni 2019, na sidhani kama kuna mtu katika kuiandaa aliyewafikiria wapiga vibuyu.

Sasa wapandisheni watu hao jukwaani. Jukwaa lilikuwa la mabomba na mbao, limefunikwa turubai pande tatu, na spika mbili kubwa kila upande. Fundi mitambo alikuwa kijana mwenye bidii, sina ugomvi naye, lakini ni wazi kwamba kazi aliyoizoea ni ya waimbaji wanaosimama mbele na kuelekea kwa watu. Aliweka kipaza sauti kimoja mbele kwa ajili ya kiongozi na kingine akakiinamisha hadi karibu kigusane na ngoma kubwa. Matokeo yake tulisikia filimbi na kishindo, filimbi na kishindo, kama lori linalorudi nyuma sokoni. Vibuyu, ambavyo ndivyo wimbo wenyewe, tuliviona vikiinuliwa na kushushwa bila kuvisikia. Kila mistari ilipogeuka, kama ngoma inavyotaka, tuliangalia migongo ya mashati yenye jasho, na mshereheshaji, kwa nia njema kabisa, akawaomba wacheze wakitutazama.

Halafu kuna suala la muda. Kila kikundi kilipewa dakika kumi. Mtu aliyekulia kijijini anajua kwamba dakika kumi za mwanzo ni za kuikanza ngoma: waimbaji wanatafuta kimo cha sauti, wapigaji wanasikilizana, mama mmoja anatoka kwenye umati na kurudi kwa aibu, na hapo ndipo mambo yanaanza kuiva. Pale Tukuyu kengele ililia wakati huo huo wa kuiva, kikundi baada ya kikundi, mchana kutwa.

Lililonikera zaidi ni la moto. Ngoma za ngozi zinahitaji kukanzwa kabla ya kupigwa, na katika unyevu ule zilihitaji kukanzwa mara mbili zaidi. Lakini nyuma ya jukwaa moto ulikatazwa kwa sababu ya turubai na nyaya, jambo ambalo lina mantiki, ila hakuna aliyefikiria kutenga mahali pengine. Nilimwona mpigaji mmoja amebeba ngoma yake kama mtoto mgonjwa, anaibisha kwa kidole, anatega sikio, anatikisa kichwa. Ililia kama ndoo iliyopasuka. Mwishowe alikwenda kwa mama muuza maandazi nje ya uzio na kumwomba jiko lake la mkaa. Mama akaipua karai la mafuta, akaweka masharti kwamba unywele wa ngozi usidondoke kwenye unga wake, na kwa muda wa robo saa hivi tukatazama kazi nzuri kuliko yote niliyoiona siku hiyo jukwaani: anaizungusha ngozi juu ya makaa bila kuisimamisha mahali pamoja, anabisha katikati, anabisha pembeni, anazungusha tena, hadi sauti ikapanda kidogo kidogo na mwisho ikatoka kavu na safi, na wateja wa maandazi wakageuka wote kwa pamoja. Akashukuru, “ndaga fijo mama,” akakimbia. Alipofika jukwaani zamu yao ilikuwa imesogezwa mbele kwa vikundi vitatu, na alipokuja kuipiga ngozi ilikuwa imekwisha kulegea tena.

Ya Jumapili nitayaleta baadaye. Nimeitwa mezani.

#2 Mdau (Makambako)

Mleta uzi, nimekusoma kwa makini na sikubaliani nawe. Jukwaa si jambo la jana. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya tarehe 10 Desemba 1962 alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba wasomi wetu walijua rumba na twisti huku wengi wakiwa hawajawahi hata kuzisikia ngoma kama gombe sugu, mangala na kiduo. Mangala na kiduo, ndugu yangu wa Iringa, hizo si unazijua? Katika miaka ya 1960 kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa, na mwaka 1981 Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na vyote viwili vilizifikisha ngoma za vijijini mbele ya watu kwa njia hiyo hiyo ya jukwaa unayoilaumu. Bila jukwaa mimi wa Makambako ningeijuaje sindimba?

Pili, nami nilikuwepo Tukuyu Jumamosi, nyuma kabisa, na mtoto begani. Ninyi mliosimama karibu na uzio mnaweza kuzungumzia vibuyu. Mwanangu aliziona ngoma kwa sababu zilikuwa zimeinuliwa juu ya mbao. Zingechezwa chini kwenye majani angeona visogo vya watu wazima, na pengine angelala.

#3 Mpiga ngoma (Kyela)

Mimi napiga ngoma kubwa tangu nikiwa kijana, na sasa wajukuu wangu wananibebea. Nina mambo mawili ya kumwambia kijana aliyeleta uzi, moja la kumuunga mkono na jingine la kumsahihisha.

La ngozi amelisema vizuri lakini hakulimaliza. Ngozi hunyonya maji yaliyo hewani, ikishanyonya hulegea, na ikilegea sauti hushuka. Kyela tuko bondeni karibu na ziwa, kuna joto. Tukuyu ni zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na ukungu unalala hapo mpaka saa nne. Ngoma iliyokazika vizuri asubuhi nyumbani kwangu, ukiifikisha Tukuyu imekuwa ngoma nyingine. Moto unakausha yale maji, lakini si dawa ya kudumu, kwa hiyo mpigaji anatakiwa akanze na apige hapo hapo, kisha akanze tena. Vilevile asiwe na pupa. Ngozi ya mbuzi hasa, ukiipa makaa makali mahali pamoja, inapasuka ukingoni pale ilipowambwa na vigingi, na hapo huna ngoma mpaka uchinje mwingine. Huyo kijana wa kwenye jiko la maandazi simjui, ila kwa namna ulivyomweleza alifundishwa.

Sasa la kusahihisha. Umesema ngoma zetu hazina mbele. Mganda una mbele. Mbele ni pale alipo kapteni, yule kiongozi mwenye filimbi. Mistari inamtazama yeye, inamfuata yeye, na akihama, mbele imehama. Ninyi watazamaji ndio msiokuwa na mahali penu maalumu, na hapo ndipo tatizo linapoanzia mkijengewa viti.

#4 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimesahihishwa na nimekubali. Ulivyolisema ni bora kuliko nilivyolisema mimi. Mbele inahama pamoja na kapteni, ila jukwaa linaipigilia misumari mahali pamoja. Kama ningeweza kuhariri kichwa cha uzi ningekihariri.

Mdau wa Makambako, la mtoto begani limenigusa, na mangala naijua, usinifedheheshe mbele ya wageni. Nilipaswa kueleza mapema kwamba sipingi vipaza sauti wala mbao, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye jukwaa lile lilimwokoa. Jumamosi jioni alipanda mzee wa huku kwetu Uhehe na ligombo. Kwa wasioifahamu, ni ala ya nyuzi zilizotandazwa juu ya mti uliochongwa kama hori, na kibuyu cha kukuzia sauti. Mpigaji huketi, huikumbatia, na kuimba kwa sauti ya mtu anayezungumza na wageni wawili sebuleni. Ala hiyo haikuumbwa kwa uwanja wa mpira. Alipoanza hatukusikia lolote, watu wakaendelea na soga zao na mahindi yao ya kuchoma. Kijana yule yule wa mitambo akapanda, akapiga magoti, akakisogeza kipaza sauti hadi kwenye mdomo wa kibuyu, akashuka kusikiliza, akapanda tena kukirekebisha. Sauti ikatokea kama maji yanayodondoka pangoni. Dada muuguzi alinishika mkono. Babu yake alikuwa akipiga ala hiyo na hakuwa ameisikia tangu alipokuwa mtoto.

Na hata kabla ya siku hiyo, kama tunaujua upigaji wa ligombo wa kale ni kwa sababu ya kipaza sauti: mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake, akawarekodi Wahehe pia, na kazi zake zimehifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes. Tracey alisifika kwa jambo moja: alikishika kipaza sauti mkononi na kukifuatisha mahali ulipo muziki. Kumbe hata yeye alikuwa akimfuata kapteni.

Kwa hiyo ninachodai si kwamba jukwaa livunjwe. Ninadai kila ngoma iulizwe inataka nini. Ligombo lipewe mbao na kipaza sauti. Mganda upewe uwanja wenye kamba kuuzunguka, na watoto wakaribishwe kuketi mstari wa ndani, jambo ambalo kijijini hufanyika bila kikao.

#5 Mdau (Njombe)

Naomba kuuliza mambo ya kawaida, samahani kwa kuushusha mjadala. Gharama zilikuwaje, na je, mama mwenye watoto wawili anaweza kwenda bila kuteseka? Na hizo habari za Jumapili ziko wapi?

#6 Mleta uzi

Dada yangu wa Njombe, hakuna samahani. Mafuta ya kwenda na kurudi kutoka Iringa, takribani kilomita 800, tulichanga shilingi 60,000 kila mmoja. Wewe uko karibu zaidi. Vyumba vya wageni mjini Tukuyu hujaa mapema siku kama hizo, nasi tulilala wawili wawili. Chakula hakina shida: mbalaga (ndizi za kupika) na nyama kwa akina mama waliopanga meza nje ya uwanja, chai ya Rungwe yenyewe, na maparachichi usiyoweza kuyamaliza. Wachukulie watoto makoti mazito na viatu vya mpira, hata kama jua linawaka mnapoondoka. Pombe za kienyeji zilikuwepo lakini upande mwingine wa barabara, kwa hiyo ndani palikuwa shwari.

Jumapili sasa. Mchana ulikuwa kama Jumamosi, kwa dakika zile zile kumi. Matokeo yalitangazwa saa kumi na nusu, vikombe vikatolewa, mitambo ikaanza kufunguliwa, na watu wengi wakaondoka. Sisi tulibaki kwa sababu fundi wetu alikuwa chini ya gari la mtu asiyemjua, akimsaidia kwa upendo huku sisi tukingoja. Vikundi viwili navyo vilibaki, kimoja cha mganda wa ziwani na kimoja cha akina mama wa kioda, ngoma ya wanawake, kwa kuwa Coaster yao ilikuwa haijafika. Baridi ilianza kushuka. Mtu akakusanya magunzi na majani makavu ya migomba, akawasha moto katikati ya eneo la kuegeshea magari, na kwa kuwa moto ulikuwepo, ngoma zikasogezwa.

Hakuna aliyetangaza kitu. Mpigaji alikuwa anaijaribu ngozi tu, lakini majaribio yale yakapata mwendo, na mwendo ukapata wa kuuitika. Kibuyu kimoja, kisha vinne, kisha vyote. Hapo ndipo nilipoisikia ngoma ambayo nilikuwa nimeitazama siku mbili bila kuisikia. Ukisimama upande wa moto unasikia vibuyu vya sauti ya chini vikinguruma karibu na tumbo lako. Ukizunguka hatua kumi unasikia vile vyembamba, na ngoma kubwa imekuwa mbali kidogo, inabeba bila kuonea. Nilizunguka mara tatu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mistari ilipogeuka tuligeuka nayo, maana hapakuwa na mbele nyingine isipokuwa ya kapteni, kama mzee wangu wa Kyela alivyosema hapo juu. Akina mama wa kioda walingoja kidogo, wakanong'onezana, kisha wakaingia na wimbo wao juu ya ngoma ya wanaume, na ubishi wa nani amfuate nani ukaendelea kwa nyimbo kwa zaidi ya robo saa. Mwalimu mwenzangu alijaribu kututafsiria fumbo wanalotupiana, akakwama, akaingia kucheza.

Mwishoni mwa mstari wa wanaume kulikuwa na bwana mmoja mwenye koti la kijani, bila kaptura nyeupe wala kibuyu, aliyekuwa akikosea kila mguu na kufurahi kuliko watu wote. Sikujua ni wa kikundi gani. Giza lilipoingia bado Coaster ilikuwa haijaonekana, fundi akatupigia honi, nasi tukaondoka ngoma ikiwa ndiyo kwanza imekolea. Kama kuna anayejua waliondoka saa ngapi, anijulishe. Dada muuguzi amekuwa na wasiwasi na wale akina mama na ile baridi.

#7 Mpiga ngoma (Kyela)

Mwambie binti yangu muuguzi asiwe na wasiwasi, tulifika nyumbani salama saa tano usiku. Coaster ilikuwa imeegeshwa nyuma ya miti tangu saa kumi na mbili kasoro. Huyo mwenye koti la kijani ndiye dereva wetu.